Sura ya Tisa: Magoti ya Mwalimu Ban

Sheria inasema maiti yenye utata ichunguzwe mara mbili, na hakimu wa pili asijue aliloandika wa kwanza. Ni sheria nzuri. Hakimu Eo Sebaek alivuka mto kutoka wilaya jirani akiwa hajaonyeshwa hata herufi moja ya uchunguzi wa kwanza, lakini tangu kivukoni mpaka kwenye lango la hekalu kila aliyekutana naye alimpa matokeo bila kuulizwa.

"Sumu, mheshimiwa," alisema mkata kuni mmoja, akiwa hata hajatua mzigo. "Kijiti cha fedha kimetoka kinywani mwa marehemu cheusi tii. Mtawa Seolmuk kashindwa hoja, akaona amjibu kwa uji."

Karani Pyo, aliyekuwa akitembea nyuma ya farasi wa hakimu, alicheka. "Basi tugeuze, mheshimiwa. Huyu mzee keshatumalizia kazi, kilichobaki ni kumpa muhuri."

Eo hakucheka. Alikuwa amekula kiapo cha serikali miaka mingi iliyopita, na alijua kwamba kesi ambayo wilaya nzima imekwisha kuihukumu ndiyo kesi mbaya kuliko zote. Hata ukiikuta kweli, hakuna anayeingoja.

Maiti ilikuwa imelazwa kwenye banda la kuni nyuma ya hekalu, imefunikwa majani makavu ya mpunga, na baridi ya mlimani ilikuwa imeitunza. Marehemu alikuwa Mwalimu Ban Chiwon, mkuu wa shule ya kijiji cha chini, mtu aliyetumia maisha yake kufundisha mafundisho ya Konfusio na kuyapinga ya Budha. Nusu ya maofisa wa mkoa walikuwa wanafunzi wake. Mwanzoni mwa mwezi alipanda mlimani na vijana wake kujadiliana na mtawa Seolmuk hadharani. Walijadiliana siku mbili uani, wakashuka wakimshangilia mwalimu kwa ushindi. Kisha akarudi hekaluni peke yake, bila kumwambia mtu, na asubuhi yake akakutwa amekufa.

Mshitaki na mshitakiwa wote lazima washuhudie uchunguzi kwa macho yao. Upande mmoja alisimama Ban Gyuhyeon, mtoto wa marehemu, amevaa nguo ya katani ya msiba, ameegemea fimbo ya mianzi. Upande wa pili alipiga magoti mtawa Seolmuk, ubao mzito umemkaba shingoni. Alikuwa mzee mwembamba, kichwa kimenyolewa, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa baridi.

"Ni wewe uliyemkuta baba yako?" Eo alimwuliza kijana.

"Ni mimi, mheshimiwa. Alikuwa hajarudi, nikamfuata alfajiri. Nilimkuta kwenye chumba cha wageni, amelala chali, amekufa."

"Amevaa nini?"

"Nguo zake hizihizi."

"Uliigusa maiti?"

"Nilimfumba macho tu."

Eo akampa ishara mwosha maiti aanze. Mtu yule akawa anataja kila alichokiona kwa sauti ya mnadi, na Pyo anaandika. Utosi, mzima. Macho, yamefumbwa. Koo, halina alama ya kamba. Halafu kijiti cha fedha kikatiwa kinywani, kinywa kikazibwa kwa karatasi iliyoloweshwa, wakangoja. Kilipotolewa kilikuwa cheusi.

"Umeona, kipara?" Gyuhyeon alifoka. "Fedha haijui kusema uongo!"

"Leteni maji ya maganda ya kufulia," alisema Eo. "Ya moto."

Alikiosha kijiti mwenyewe. Alisugua mara moja, akasugua tena, na weusi ukatoka wote. Fedha ikang'aa kama ilivyotoka kwa sonara. Akampitishia kila mmoja akione, mtawa naye, kisha akarudi kwa kijana.

"Doa la sumu haling'oki hata ukisugua mpaka kesho. Hili ni la tumbo lililolala siku nyingi. Aliyechunguza kabla yangu alikuwa na haraka, au alisikia baridi ya kushika maji. Pyo, andika: hakuna sumu."



"Sasa siki na machicha ya pombe," Eo aliendelea. "Mpakeni mwili mzima. Kama kuna pigo lililojificha, litajitokeza."

Walipomvua suruali marehemu hapakuwa na haja ya siki. Ngozi ya magoti yote mawili ilikuwa imechubuka mpaka nyama. Viwiko navyo hivyohivyo. Siki ilipokaa kidogo kwenye paji la uso, pakatokea wekundu wa duara, mpana kama kiganja cha mtoto.

Eo aliiokota suruali, akaigeuza ndani na nje. Ilikuwa safi. Mikunjo ya sandukuni ilikuwa bado imesimama kwenye mapaja. Upande wa magoti haukuwa na hata doa.

"Baba alianguka njiani," alisema Gyuhyeon upesi. "Njia ina barafu."

"Akaangukia magoti mawili, viwiko viwili na paji la uso, vyote sawasawa. Halafu akanyanyuka, akabadili suruali, akafa."

Pyo alikohoa kuficha kicheko. Mtawa alikuwa anatazama chini. Eo alijua tayari. Bibi yake mzaa baba alikuwa na magoti ya namna ile kila alipotoka hekaluni, na babu alimkataza kwa maneno makali mpaka siku alipokufa. Sehemu tano za mwili kugusa sakafu: ndivyo wanavyosujudu wanaomwabudu Budha. Lakini kupata vidonda vile si kusujudu mara kumi wala mara mia. Mtu wa umri wa Ban Chiwon, aliyezoea kukaa juu ya mkeka na kusahihisha vijana, akisujudu kutwa kucha bila kupumzika, moyo wake hauwezi.

Hakulisema hilo uani. Alimchukua kijana kwenye chumba cha wageni, mlango ukafungwa.

"Suruali ya kwanza iko wapi?"

"Sijui unalozungumza, mheshimiwa."

"Umeichoma?"

Gyuhyeon alitazama ukuta. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na ushee, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kilio ambacho hakikuwa cha uongo. Hilo ndilo lililomkera Eo. Angependa kijana awe mwovu, kazi iwe nyepesi.

"Hukumkuta humu," alisema. "Ulimkuta ukumbini, kifudifudi mbele ya sanamu. Ukambeba mpaka hapa, ukamvalisha suruali nyingine kutoka kwenye fuko lake, ukashuka kupiga kelele kwamba ameuawa. Kusujudu si kosa la jinai, kijana. Hakuna anayenyongwa kwa kusujudu. Sema ulichokiona, mtawa afunguliwe."

"Mheshimiwa ni msomi. Niambie, mtoto anayesimama barazani akatoa siri ya aibu ya baba yake, adhabu yake nini?"

"Kifo."

"Hata akisema kweli?"

"Hata akisema kweli."

"Basi unaniuliza nini?" Kijana alipiga fimbo sakafuni. "Miaka arobaini amefundisha kwamba mtu akifa pumzi yake hutawanyika kama moshi, harudi, hazaliwi tena, hana wa kumwombea. Wametimuliwa watu shuleni kwa kuwasha udi tu! Leo isemwe kwamba yeye mwenyewe amekufa akibusu miguu ya sanamu? Jina lake litang'olewa shuleni. Mimi sitakanyaga chumba cha mtihani wa serikali, wala watoto wangu. Kazi ya mtoto ni kulinda jina la baba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

 Eo naye alikuwa na kibao cha jina la marehemu babake nyumbani, na kila mwaka alikipikia wali na samaki.

"Na mtawa?" aliuliza.

"Kipara yule? Alimkimbia baba yake, hana mke, hana mtoto. Nani atamlilia?"

 Eo akamwita Pyo, akaagiza mtawa aletwe mlemle chumbani, ubao uondolewe shingoni. Kijana alitaka kutoka, lakini mshitaki haruhusiwi kukosekana wakati wa mahojiano. Akakaa pembeni.

"Mzee Seolmuk," Eo alianza, "mmejadiliana nini na marehemu?"

"Watu wote wamesikia, mheshimiwa."

"Mimi sikuwapo."

Mtawa alisugua shingo yake iliyokuwa imevimba. "Alisema sisi tunakula bila kulima na tunawaacha wazazi bila wa kuwapelekea wali. Nikamwambia kwa upande wa kulima amenishika. Pale watu walicheka. Akasema mtu akifa hakibaki kitu. Nikamwuliza, kama hakibaki kitu, wali wa mababu mnamwekea nani mezani? Akasema hakuna anayeula. Ile ibada ni yetu tulio hai, ili tusiwe kama mbwa wanaomkanyaga mama yao. Lilikuwa jibu zuri. Nililipenda."

"Halafu?"

"Halafu nikamwuliza jambo jingine."

"Lipi?"

Mtawa akatikisa kichwa. Gyuhyeon ndiye aliyejibu, kwa hasira. "Alimwuliza: mtoto wa miaka sita akifa, katika taratibu zenu, nani anasimama mbele yake kumlilia? Baba akamjibu kwamba wazee wa kale hawakumwekea mtoto mdogo nguo za msiba wala kibao cha jina, kwa sababu huzuni lazima iwe na kipimo. Tukashangilia. Alishinda!"

"Alijibu papo hapo?"

Kijana alisita. "Alinyamaza kidogo kwanza."

"Nyumbani kwenu kumefiwa na mtoto?"

"Dada yangu Okdan. Kitinda mimba. Ndui, wakati wa masika."

 Eo alijisogeza mpaka akawa uso kwa uso na mtawa. "Mzee, najua umemwahidi mtu kitu, hutakisema. Na najua kiapo chenu hakiruhusu uongo. Basi tufanye hivi. Mimi nitasema. Nikikosea, wewe sema 'si kweli'. Nikipatia, nyamaza. Hujavunja ahadi, hujadanganya."

Mtawa alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Mheshimiwa angekuwa mtu wa hatari kwenye mjadala."

"Marehemu alirudi kubishana tena."

"Si kweli."

"Alirudi kumwombea binti yake."

Kimya. Pyo aliacha kuandika.

"Ulimfundisha kusujudu."

"Si kweli."

"Alikuwa anajua."

Kimya.

"Alikuja mikono mitupu."

"Si kweli."

"Alibeba kitabu."

"Si kweli."

Eo hakuweza kukisia alibeba nini, akaliacha. "Alikuomba usimwambie mtu, hata akifa. Ukaapa. Na alipoanguka ulikuwa naye."

"Si kweli," alisema mtawa, na macho yake yakajaa. "Alinifukuza ukumbini. Hakutaka nimwone akilia."

 Gyuhyeon alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Eo alihisi matumaini yakimpanda, naye hakuwa mtu wa kuyaamini. Alikuwa na fedha iliyooshwa, alikuwa na magoti, alikuwa na suruali. Angemalizia kidogo tu.

Lakini mtawa alikuwa amekwisha kutambua alichofanyiwa. Alimtazama kijana pale pembeni, akaitazama kalamu ya Pyo, akajiweka sawa na kukunja mikono.

"Karani, andika," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua Mwalimu Ban."

"Nyamaza!" Eo alisimama. "Huruhusiwi kusema uongo."

"Sisemi uongo. Habari ya mtoto yule niliijua tangu masika. Ililetwa na wachuma uyoga. Baba hakumlilia, na mama alikatazwa kumlilia. Siku ya pili ya mjadala niliona nashindwa. Watu wanacheka, nami nina miaka thelathini najidai nimeacha tamaa. Nikalichomoa lile swali, nikampiga nalo mbele ya wanafunzi wake. Sikuuliza kwa huruma. Nilitaka kushinda. Nikaona lilivyoingia, nikafurahi. Aliyeua kwa jiwe na aliyeua kwa neno, kwetu sisi wote wameua. Niulize kama ni kweli nimemuua, nitajibu ndiyo popote utakaponipeleka."

"Watakunyonga, mzee."

"Na huyu kijana atafanya mtihani wake. Sijawahi kuzaa. Angalau nisiwaharibie waliozaa."

Eo alimgeukia Gyuhyeon. Alitaka kuona aibu, na aliiona. Aibu ilikuwapo usoni pote pa kijana. Lakini mdomo ulisema kile kilichotakiwa na sheria. "Nimesikia akikiri. Nashuhudia."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mahakama ya juu ina sanduku zima la ripoti za magoti na fedha zilizooshwa, na hakuna msomaji anayezifikia akishaona juu yake neno "amekiri". Na msomaji mwenyewe huko mjini alikuwa amekaa miaka sita kwenye mkeka wa Mwalimu Ban. Ripoti ikisema mwalimu alikufa kwa kusujudu, ataulizwa: nani alimwona? Mshitakiwa anasema ameua. Mtoto anasema hajui. Alihitajika mtu wa nyumba ile, asiye mtoto, aseme marehemu alikwenda mlimani kufanya nini.

Mjane alikuwa jikoni mwa hekalu. Bibi Tak alikuwa amepanda pamoja na wabeba jeneza, na watawa walikuwa wamempa bakuli la uji wa shayiri, ambalo alikuwa amelishika tu bila kula. Alipomwona hakimu alitaka kuinuka, Eo akamwomba aketi.

"Nina swali moja tu, mama. Mwalimu alipotoka nyumbani mara ya mwisho, alibeba kitu?"

"Mimi huwa simwangalii bwana wa nyumba anachobeba, mheshimiwa." Aligeuza bakuli mikononi. "Lakini kuna kitu kimepotea. Koti la Okdan, lile jekundu la mwaka mpya. Nililificha chini kabisa sandukuni, maana aliagiza vitu vya mtoto vichomwe vyote. Baada ya yeye kutoka nikalitafuta, halipo. Nikasema, hata hili ameliona, hata hili amekwenda kulitupa." Akafinya bakuli. "Tulimzika kwenye mkeka, chini ya mawe. Nikalia, akaniambia nyamaza, hana umri wa kuliliwa. Toka siku ile nilimchukia, mheshimiwa. Amekufa nikiwa namchukia."

Eo alijua sheria inamkataza kumwambia shahidi yaliyosemwa na mshitakiwa. Alimwambia. Hakumficha magoti, wala viwiko, wala paji la uso. Wala kwamba alimfukuza mtawa ili asionekane akilia. Alimwambia kwamba, kama alivyoelewa sasa, koti halikutupwa, lililetwa huku, likawekwa mbele ya sanamu ya yule anayewaongoza wafu, na mzee akasujudu mbele yake mpaka moyo ukasimama.

Bibi Tak aliweka bakuli chini. Alijifunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, kilio cha masika kilichokuwa kimezuiwa miezi yote ile. Watawa waliokuwa jikoni walitoka mmoja mmoja.

"Alimlilia," alisema. "Mzee yule mgumu. Kumbe alimlilia mwanangu."

"Sema hayo mbele ya karani, mama. Koti tu. Sema alitoka na koti la mtoto kuja hekaluni. Humshitaki mumeo, unasema alichobeba. Nitalitafuta koti lenyewe, nitaliambatanisha na magoti, na mtawa ataishi."

Mwanamke alifuta uso kwa kamba ya katani iliyomfunga kiunoni. Alitazama nje, ambako mwanawe alikuwa akiwaelekeza wabeba jeneza, fimbo ya msiba mkononi.

"Nilizaa saba, mheshimiwa," alisema. "Amebaki yule."

"Mtawa hana kosa."

"Najua. Ulichonipa leo nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Na yule mtawa nitamlilia pia, kila mwaka, kimyakimya. Nimeshazoea." Akainuka, akamwinamia hakimu kwa heshima kubwa. "Koti nililichoma mwenyewe masika. Ukiniuliza mbele ya karani, nitasema hivyo."

Alitoka kwenda kushika nafasi yake nyuma ya jeneza.

Eo alirudi chumbani. Pyo alikuwa ameshasaga wino, na hakuwa na mzaha wowote. Mtawa alikuwa amerudishiwa ubao shingoni, amefumba macho, anapumua taratibu. Suruali safi ilikuwa imekunjwa kando pamoja na vielelezo vingine.

"Niandike nini, mheshimiwa?" aliuliza Pyo.

"Andika fedha ilioshwa ikang'aa. Andika magoti. Andika suruali."

"Na chanzo cha kifo?"

Nje, Gyuhyeon alianza kulia kwa sauti ile inayopasa mtoto kumlilia baba yake, na wabeba jeneza wakampokea.

"Andika alivyosema mtawa," alisema Eo, akanyoosha mkono apewe muhuri.